Geti Jekundu la Kurrabin

Wasikilizaji wapendwa, aliye na mtoto mdogo nyumbani amwite kwanza. Amwone kwa macho, asiridhike na sauti inayotoka chumba cha pili. Akishamwona, ndipo aongeze sauti ya redio. Tunamngoja.

Haya. Leo tunamkumbuka Bi Merle Pascoe wa Kurrabin. Bi Merle Pascoe, aliyepeleka barua na mikate mashambani kwetu kwa miaka thelathini na mmoja. Amefariki akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, nasi tumemzika Ijumaa iliyopita. Habari zake na habari za kijiji ni kitu kimoja, hazitenganishiki, kwa hiyo leo mtazisikia zote mbili. Msikilize mpaka mwisho. Mwisho ndio uliotuleta hapa.

Kurrabin haina mto. Aliyepita hapa anajua. Kijiji hiki kilizaliwa na bwawa, na bwawa lilizaliwa na garimoshi. Mwaka 1916 wanaume walikuja na farasi na majembe ya kukokota, wakachimba bwawa la kunywesha magarimoshi ya mvuke. Mahali hapohapo Wawiradjuri, wenyeji wa asili wa nchi hii ya Australia, walikuwa na kisima chao kwenye mwamba. Wazee wao wanasema kisima kile kilikuwa na kifuniko cha jiwe, na kila aliyeteka maji alikirudisha kifuniko mahali pake. Wachimbaji walilisukuma jiwe kando wakaendelea na kazi. Bwawa lao lilikuwa kubwa mara elfu ya kisima, na halikuwa na kifuniko.

Kina chake ni mita nne. Kingo zake ni udongo wa mfinyanzi, ukilowa unateleza kama sabuni. Kumbukeni hilo.

Baada ya bwawa kikaja kituo cha reli. Baada ya kituo, ghala la ngano, shule, ukumbi, baa na duka la mikate. Wakati Merle anaolewa huku, mwaka 1956, tulikuwa watu mia mbili na kumi na wawili. Leo tuko thelathini na mmoja.

Merle alitoka mjini Wagga. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Mumewe, Alby Pascoe, alikuwa na zabuni ya kupeleka barua. Mgongo wa Alby ulipoharibika, Merle akashika usukani. Barua, mikate, magazeti, wakati mwingine dawa ya kondoo na kofia ya harusi, vyote ndani ya gari moja. Njia nzima ilikuwa na mageti ishirini na saba. Ushuke, ufungue, upite, ushuke tena, ufunge. Mara ishirini na saba, kwa vumbi na kwa matope.

Na hapa kila mtoto hujifunza sheria ya geti kabla hajajifunza sala. Geti uliache ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi. Wala usiulize, kwa sababu mwenye shamba ana sababu zake.

Merle hakuijua vizuri. Siku moja ya Januari 1958 alilikuta geti la Clarrie Mudge liko wazi. Clarrie alikuwa mkulima mkubwa wa upande ule, mtu wa maneno machache na kofia pana. Merle akadhani wamesahau. Akashuka, akalifunga, akaenda zake akijisifu moyoni kwa adabu yake.

Baada ya siku nne Clarrie alikuja mlangoni.

"Panda," akamwambia.

Akampeleka hadi kwenye uzio. Kondoo walikuwa wamelala wamebanana kwenye geti, wameelekeza vichwa upande wa maji.

"Hesabu."

Merle akahesabu. Arobaini na sita.

"Nani alifunga hapa?"

"Mimi. Nilidhani mmesahau."

"Sisi hatusahau mageti, binti," akasema Clarrie. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumamosi ile kulikuwa na dansi ukumbini. Merle alipoingia, mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Jamani, msimwachie Merle mlango! Atatufungia humu tufe kiu mpaka Jumatatu!" Ukumbi mzima ukalia, "Meee!" Hata Alby alicheka. Alipomwona mkewe machozi yanamlenga, akaacha. Ndani ya gari akamwambia, "Usiguse tena geti la mtu, Merle. Nakuomba. Wazi ni wazi. Limefungwa ni limefungwa. Basi."

Kwa miaka mitatu kila alipopita na gari la barua kulikuwa na mtu wa kumlilia meee. Na kwa miaka mitatu hakuligusa geti la mtu kinyume na alivyolikuta. Alikuwa amefundishika. Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penye hatari. Mtu akishafundishwa kwa aibu, hasikii tena kitu kingine.

Tarehe 17 Oktoba 1961 ilikuwa Jumanne. Mvua za baridi zilikuwa zimelijaza bwawa mpaka ukingoni. Kando ya bwawa kulikuwa na nyumba ya mfanyakazi wa reli, Len Vogt, na mkewe Dulcie. Walikuwa na mtoto mmoja, Coralie, wa miaka miwili na miezi minne. Kati ya ua wao na bwawa kulikuwa na geti la mbao. Ndani ya uzio wa bwawa kulikuwa na majani mazuri, na Clarrie Mudge aliyakodi kutoka reli kulishia kondoo wake.

Saa nne asubuhi Merle alifika pale na gari la barua. Geti lilikuwa wazi.

Akasimamisha gari. Akashuka. Aliona nguo zimeanikwa kwa akina Vogt, akamsikia Dulcie akiimba jikoni. Mtoto hakumwona. Aliweka mkono juu ya geti, ubao ukiwa na joto la jua. Aliwaza kuwa kwa akina Vogt kuna mtoto. Kisha akawaza kondoo. Labda Clarrie amelifungua wanywe maji. Akaona vichwa arobaini na sita. Akasikia meee.

Akaondoa mkono. Akapanda gari, akaenda. Geti akaliacha alivyolikuta.

Saa tano kengele ya shule ikalia. Haikulia kama ya mapumziko. Ililia bila kukoma, na hapa kengele ya shule ikilia hivyo kila mtu huacha alichoshika. Merle alikuwa mbali, kwenye geti la kumi na tisa. Binti yake Glenys anasema mama yake alimwambia mara moja tu, na hakurudia. Alimwambia, "Kabla sijageuza gari nilikuwa nimeshajua ni geti lipi."

Walimkuta Coralie kwenye matete.

Merle alipoingia jikoni kwa Dulcie, wanawake walikuwa wamejaa. Dulcie amekaa mezani anamenya viazi. Anamenya, anatia ndani ya sufuria, anachukua kingine. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kisu. Wanaume wamesimama mlangoni, kofia mkononi, Clarrie Mudge akiwa mbele yao.

Merle akasema mbele ya wote, "Nilipita saa nne. Geti lilikuwa wazi. Nikaliacha wazi."

Kisu cha Dulcie kikasimama.

Ni Clarrie aliyejibu. "Umefanya ilivyo sheria, Merle. Hakuna wa kukulaumu hapa."

"Kweli," akasema mwingine. "Geti si lako. Umeliacha ulivyolikuta."

"Usijitese, Merle. Nenda kanywe maji, nenda nyumbani."

Dulcie alimtazama Merle, akarudi kwenye viazi. Na kuanzia siku ile Dulcie Vogt hakumwambia Merle Pascoe neno hata moja kwa miaka kumi na mitatu. Barua alizipokea. Mkate alipokea. Neno, hapana. Mumewe, Len, aliomba uhamisho akaondoka. Dulcie alikataa kuondoka. Mtoto wake alikuwa makaburini, ng'ambo ya bwawa, na yeye hakuona pa kwenda.

Mchunguzi wa vifo alikuja, akauliza nani alilifungua geti. Hakujitokeza mtu.

Na Merle? Angetukanwa, labda angepata usingizi. Lakini kijiji kizima kilimwambia kwamba amefanya sawa. Kwa padri, amefanya sawa. Dukani, amefanya sawa. Hata kumlilia meee waliacha, na kimya kile kilimchoma kuliko kelele zote. Alikuwa na hatia isiyo na mahali pa kuiweka.

Glenys alizaliwa mwaka 1964. Anasema, "Mama hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anaketi, ananyanyuka, anakwenda dirishani. Tukialikwa harusini, kabla ya kumsalimia bibi harusi anauliza, 'Maji yako upande gani?' Nilikuwa naona aibu. Sasa nina wajukuu, na mimi nauliza hivyohivyo."

Mwaka 1962 Merle alisimama kwenye mkutano wa kijiji. Hakuwa msemaji. Aliificha mikono ndani ya mifuko ya aproni. Alisema sheria ibadilishwe kidogo tu. Geti lenye maji nyuma yake lifungwe siku zote, hata ukilikuta wazi.

"Na kondoo wanywe nini, limau?" akauliza mmoja.

Wakacheka.

"Mwenye kondoo awachimbie birika nje ya uzio," akasema Merle.

"Utachimba wewe? Ukianza na geti moja, Merle, utaishia kutufungia mlango wa baa!"

Mikono ilipoinuliwa, waliokubaliana naye walikuwa wanne. Clarrie Mudge hakuinua mkono upande wowote. Watu waliliona hilo wakadhani ni heshima.

Basi akawa analifunga mwenyewe. Asubuhi analifunga, jioni analikuta wazi, analifunga. Akafanya hivyo mwaka hadi mwaka, kabla ya kazi na baada ya kazi. Watoto wa shule wakasema Mama Pascoe ana mume wa pili kule bwawani.

Mwaka 1974 mvua ilinyesha kama haijawahi kunyesha. Bwawa likafurika, maji yakalamba nguzo za geti. Merle akaenda kwenye banda la reli, akaomba debe la rangi nyekundu, ile ya mabehewa, akalipaka geti lote mchana kweupe. Kila aliyepita aliona.

Siku ya pili geti lilikuwa jeupe. Limepakwa chokaa.

Akalipaka jekundu. Likawa jeupe. Alipokwenda mara ya tatu na debe lake, alimkuta Clarrie Mudge ameegemea nguzo, ndoo ya chokaa miguuni. Alikuwa amezeeka. Kofia ilikuwa ileile.

"Wee Merle, huchoki?"

"Wewe je, umechoka?"

"Geti ni langu hili."

"Geti ni la reli. Wewe umekodi majani tu."

Clarrie akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Akatazama maji.

"Siku ile sikuwa na kondoo humu," akasema.

Merle akaliweka debe chini.

"Kondoo nilikuwa nimewahamisha tangu Ijumaa. Asubuhi ile nilipita na pikapu, nawahi treni ya mbolea. Nikasema nitalifunga nikirudi. Sikuwa na sababu, Merle. Nilikuwa na haraka."

"Mimi nilidhani kuna kondoo."

"Kila mtu angedhani."

"Miaka kumi na mitatu, Clarrie."

"Najua ni mingapi."

"Ukasimama mle jikoni ukaniambia nimefanya sawa!"

"Ulifanya sawa," akasema Clarrie. "Ningesema nini kingine? Ningesema umekosea, ungeniuliza nani alilifungua."

Wasikilizaji wapendwa, narudia, maana ndicho kiini cha habari hii. Geti halikuwa wazi kwa ajili ya kondoo. Hapakuwa na kondoo. Mmoja aliliacha wazi kwa haraka, na mwenzake akaliacha wazi kwa heshima. Kila mmoja wetu hudhani aliyemtangulia alikuwa na sababu.

"Kamwambie Dulcie," akasema Merle.

"Siwezi."

"Utaweza."

"Merle, nakuomba, mimi mtu mzima..."

"Basi leta hiyo ndoo nikumwagie chokaa kofiani, ndipo twende wote wawili, mimi mwekundu wewe mweupe. Twende!"

Wakaenda. Dulcie alifungua mlango akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi. Clarrie alivua kofia akasema yote, kwa mpangilio mbaya, akianza na mbolea. Dulcie alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango.

Walisimama pale kibarazani kama watoto waliofukuzwa darasani. Ndani walisikia bomba la maji likifunguliwa, likafungwa. Mwishowe Merle akarudi getini, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akaanza kupaka. Clarrie akamfuata, akashika upande wa pili.

Robo saa ilipita. Dulcie akaja amevaa aproni. Akapitisha ukucha kwenye rangi mbichi, akautazama ukucha.

"Hamkupiga msasa," akasema. "Itabanduka kabla ya Krismasi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia Merle baada ya miaka kumi na mitatu.

"Kuna msasa wa Len bandani. Clarrie, kalete."

Clarrie Mudge, mwenye mashamba, mtu wa miaka sitini, alikimbia.

Tusiongeze chumvi hapa. Bi Dulcie yu hai, ana miaka tisini na mmoja, na wiki hii ametuambia mwenyewe, "Watu wanapenda niseme nilisamehe. Mimi nilisema lipigwe msasa."

Mwaka ule Clarrie alichimba birika nje ya uzio kwa mikono yake, na kwenye mkutano uliofuata alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Kurrabin ikapata sheria ya pili, ambayo vijiji vya jirani havina. Geti jekundu hufungwa, hata ukilikuta wazi. Mabwawa ya mashambani, matangi ya maji, mifereji, kila geti lenye maji nyuma yake likapakwa rangi ya mabehewa. Kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba wote walitoka na brashi, na jioni nyama ya kondoo ikachomwa ukumbini, na watoto wakalala na vidole vyekundu.

Je, ilisaidia? Mwaka 1983 familia ya wasafiri iliharibikiwa na gari barabarani. Wakiwa wameinama kwenye injini, mtoto wao wa miaka mitatu akapotea. Dulcie ndiye aliyemsikia. Mtoto alikuwa amening'inia kwenye geti jekundu, analia kwa hasira, anataka kwenda kwa bata, na geti limemkatalia. Merle alipoambiwa alikaa chini barabarani, palepale alipokuwa. Kisha akanyanyuka kwenda kulikagua komeo.

Lakini kijiji nacho kilikuwa kikiondoka. Shule ilifungwa mwaka 1979. Treni ya mwisho ilipita 1991. Duka la mikate likawa nyumba ya mtu, kisha likawa si nyumba ya mtu. Clarrie alizikwa, Alby alizikwa. Mashamba yaliunganishwa, mtu mmoja na matrekta makubwa pale palipokuwa na familia tisa. Jumamosi ya rangi ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2011, watu sita wakajitokeza, wawili kati yao hawakuweza kuinama. Na jua la huku mnalijua. Nyekundu ikawa waridi. Waridi ikawa kijivu.

Merle aliona, na hakutulia. Akiwa na miaka themanini na saba bado alitoka kila asubuhi akisukuma kigari chake cha kutembelea, hatua, pumzika, hatua, mpaka bwawani. Glenys alitaka ahamie makao ya wazee Wagga.

"Mama, kuna bustani nzuri sana kule."

"Ina maji?"

"Kuna kidimbwi tu, mama, kina samaki wadogo."

"Kimezungushiwa?"

"Mama!"

"Nimekuuliza kimezungushiwa?"

Hakuhama.

Mwaka jana zilikuja familia mbili kutoka mjini, zimenunua nyumba za zamani. Mmoja wa akina mama hao, Tamsin, ana watoto watatu. Anasimulia, "Alikuja na keki. Hakunipa. Alizunguka nyumba yote kwanza, ndipo akaniambia, 'Karibu Kurrabin. Geti lako la nyuma halina komeo.' Nikasema moyoni, huyu bibi amechanganyikiwa. Nikamshukuru, nikachukua keki. Komeo nikasema nitaweka wikendi. Sikuweka."

Juni mwaka huu Merle alianguka njiani akirudi kutoka bwawani. Nyonga ilivunjika. Alikaa hospitali siku kumi na mbili, kisha akatutoka.

Tulimzika Ijumaa, kwenye makaburi ng'ambo ya bwawa. Njia ya makaburini inapita kwenye geti lile. Magari arobaini na moja yalifuata jeneza. Kijiji hakijaona magari mengi hivyo tangu siku za ngano. Gari la maiti lilikuwa mbele, kwa hiyo geti lilifunguliwa. Tukazika, tukaimba, tukatoka, tukaenda ukumbini kula.

Ukumbi ulijaa. Sandwichi za mayai, keki za chokoleti na nazi, chai kwenye birika kubwa. Watu wanacheka, maana Merle alikuwa na vituko. Watoto walichoka kukaa, tukawaambia watoke wacheze. Watoto tisa. Kutoka mlango wa ukumbi mpaka bwawani ni hatua mia mbili, na mwezi huu bwawa limejaa.

Bi Dulcie alikuwa amekaa karibu na hita. Akaweka kikombe chini.

"Nani alitoka makaburini mwisho?" akauliza.

Wachache walisikia. Akagonga meza kwa fimbo.

"Nauliza, nani alitoka mwisho?"

"Mimi, nadhani," akasema Brett Mudge. Ni mjukuu wa Clarrie, mtu wa miaka arobaini, mtu mwema, amezaliwa hapa.

"Geti?"

Brett akafungua mdomo. "Nililiacha nilivyolikuta," akasema.

Mara Tamsin akapiga kelele jina la mwanawe wa mwisho, na viti vikaanguka. Tulikimbia na viatu vya mazishi. Kila mama anaita, baba anahesabu. Watoto wawili wako kwenye bembea. Watatu nyuma ya matangi. Mmoja ndani ya gari anapiga honi. Wawili wanapigana juu ya fimbo. Nane. Nane! Tulihesabu tena, nane. Brett alikuwa ameshafika majini, ameingia mpaka kifuani na suti yake, anapapasa matete kwa mikono miwili, na hakuna aliyemwambia aingie wala atoke.

Wa tisa alikuwa chini ya meza ya ukumbini. Hakuwahi kutoka. Alikuwa anakula keki.

Brett alitoka majini akakaa ukingoni. "Lilikuwa jekundu?" akauliza. "Jamani, lile geti lilikuwa jekundu bado? Mimi niliona mbao tu."

Bi Dulcie alikuja nyuma yetu. Alikataa mkono wa mtu. Hatua mia mbili alizitembea kwa fimbo yake, na sote tulisimama tukamngoja. Alipofika akalivuta geti, likakwama kwenye majani, akalivuta tena, likafunga. Akatia komeo.

"Merle angewachapa," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, siku ile halikutokea jambo. Hilo ndilo linalonitisha mimi mwenye watoto. Geti lilikaa wazi zaidi ya saa nzima, watoto wanane wako nje, maji yamejaa, na halikutokea jambo. Mara nyingi halitokei. Unaliacha wazi leo, unarudi, unakula, unalala. Unaliacha wazi kesho, vilevile. Unaanza kuamini kwamba umefanya sawa.

Kwa Glenys na ndugu zake, kwa wajukuu na vitukuu, tunawapa pole. Mama yenu alitupigia kelele tusiyotaka kuisikia, na baadhi yetu tumekua kwa sababu yake. Kwa Bi Dulcie Vogt, ambaye amezika mara mbili upande uleule wa bwawa, pole, Bi Dulcie. Kwa Brett pia, pole, kaka. Angeweza kuwa yeyote kati yetu wenye magari arobaini na moja, na sote tulipita palepale mbele yako.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunakutana bwawani na rangi. Tamsin anakuja, Brett anakuja. Na wewe unayetusikiliza mbali na Kurrabin, fikiria maji yako. Ndoo, tangi, shimo, mfereji, bwawa la jirani. Fikiria ni nani unayedhani ameshafunga.

Geti la Kurrabin limefungwa. Nimepita leo asubuhi nikija hapa, nimelitikisa kwa mkono wangu, komeo limeshika. Lakini hiyo ilikuwa saa mbili. Sasa ni saa kumi na moja jioni, na tangu hapo sijui nani amepita.